Mtoto Anayesoma Polepole: Mhadhara Kuhusu Disleksia, Kibiti

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, nanyi mliovuka maji kutoka Salale, Mbuchi na Msala mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki alasiri hii ya joto.

Nimeombwa nizungumze juu ya disleksia na juu ya vipawa vya watu wenye disleksia. Sehemu ya pili ya ombi hilo imenisumbua kuliko ya kwanza, na nitaifikia. Kwanza tuelewane ni nani tunayemsema.

Ni mtoto mwenye akili zake timamu. Anaona, anasikia, anaongea na kuchekesha watu, na shule anakwenda. Amefundishwa a, e, i, o, u pamoja na wenzake, amekaririshwa ba, be, bi, bo, bu, wenzake wamekwishapita na yeye yuko palepale. Akisoma anatokwa jasho. Akiandika, neno moja analiandika namna tatu katika ukurasa mmoja. Mwalimu anasema mtoto mzito. Wenzake wanamwita mbumbumbu. Nyumbani hawakosi wa kusema kwamba kafanyiwa, na mama anaanza kuhangaika na makombe. Hali hiyo ndiyo wataalamu wanaiita disleksia. Si ugonjwa na haiambukizi. Mtu huzaliwa nayo na huzeeka nayo, ingawa akifundishwa ipasavyo kusoma atasoma.

Makadirio ya watafiti wengi ni kwamba katika watu 100, wenye disleksia ni kati ya 5 na 10. Idadi inapanda na kushuka kwa sababu hakuna ukuta kati ya walio nayo na wasio nayo. Wapo wenye kidogo na wapo wenye nyingi. Chukua darasa la watoto 80, ambalo kwetu si kioja. Humo mna wanne hadi wanane. Mwalimu aliyefundisha miaka 20 amekwishawafundisha makumi, na pengine hakuna hata mmoja aliyemjua kwa jina hilo.

Wala hali hii si mpya. Mwezi Novemba 1896 daktari W. Pringle Morgan, wa mji mdogo wa pwani ya Uingereza uitwao Seaford, alichapisha katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aliyemtaja kama Percy F. Kijana alikuwa mwerevu, mwepesi michezoni, na hesabu alizimudu. Lakini baada ya miaka ya kufundishwa kwa bidii, maneno mepesi kabisa yalimshinda kusoma. Jina lake mwenyewe aliliandika “Precy”, na kosa hakuliona mpaka alipoelekezwa zaidi ya mara moja. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni pale. Naona baadhi ya walimu wanatabasamu. Mmekwishasema maneno kama hayo juu ya mtoto fulani, kisha mkampa mtihani wa kuandika.

Madaktari wa wakati ule walidhani kwamba kasoro iko katika kumbukumbu ya maumbo ya maneno, jambo la macho na picha. Ilichukua miongo mingi kugundua kwamba mzizi wake uko zaidi katika sauti. Kusema, mtoto hujifunza bila kufundishwa. Kusoma ni jambo jingine. Binadamu ameandika kwa miaka 5,000 na ushei tu, muda mdogo mno kwa ubongo kuwa na sehemu yake maalumu ya kusomea, kwa hiyo kila mtoto anayejifunza kusoma huazima sehemu zilizokuwa na kazi nyingine, hasa upande wa kushoto: za kuonea, na za lugha. Kazi ngumu ni kuzifunga pamoja. Kwa mtu asiyesoma, samaki ni kitu kinachovuliwa na kuliwa. Msomaji analazimika kulisikia neno lenyewe, ndani yake mna s, mna a, mna m, na kila sauti aifunge kwa herufi yake haraka kiasi cha kutofikiri. Mwenye disleksia anakwama katika kuzichambua sauti hizo na katika wepesi wa kuzifunga kwa herufi. Akili yake ya kuelewa hadithi, akisimuliwa, haina kasoro.

Ndiyo maana miwani haiponyi disleksia. Karatasi za rangi za kuwekwa juu ya kitabu, zinazouzwa nchi za watu kwa bei kubwa, nazo haziponyi. Na kugeuza b ikawa d, jambo ambalo wengi hulitaja kuwa ndiyo alama yenyewe, ni kawaida ya watoto wadogo wote wanaoanza kuandika. Mimi silitumii kumtambua mtu yeyote.

Disleksia hutembea katika ukoo. Huko Jyväskylä, Ufini, tangu miaka ya 1990 watafiti waliwafuata watoto tangu kuzaliwa, baadhi yao wakiwa watoto wa wazazi wenye disleksia. Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao walikuja kupata shida hiyohiyo, na tofauti katika namna ubongo unavyozipokea sauti za maneno zilionekana tangu wakiwa vichanga. Nawaomba wale wanaosema huu ni uvivu wafikirie hapo. Kichanga hajapata kutoroka shule.

Sasa nije kwenye Kiswahili, maana vitabu vingi juu ya disleksia viliandikwa na Waingereza na Wamarekani, na mwalimu wa Kibiti akivifuata neno kwa neno atampoteza mtoto wake. Kiingereza kina tahajia ya ovyo, na mtoto mwenye disleksia hukosea kwa namna inayoonekana na kila mtu. Kiswahili husomwa kinavyoandikwa. Mtoto akishajua silabi zake anaweza kulitambalia neno lolote mpaka mwisho, hata kama linamchukua nusu dakika. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa kwa unyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao. Lakini walipopimwa ubongo wakiwa wanasoma, upungufu ulikuwa uleule, mahali palepale, kwa mataifa yote matatu. Lugha ilikuwa imeuficha tu.

Kiswahili nacho kinauficha. Mtoto wetu mwenye disleksia akifika darasa la nne anasoma, na mwalimu anayemsikiliza kwa sentensi mbili anaweka alama ya vema na kuendelea na mwingine. Kilichomponyoka mwalimu ni mwendo. Baada ya upimaji wa kitaifa wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) wa 2013, kiwango kilichopendekezwa kwa mtoto anayemaliza darasa la pili kilikuwa maneno 50 kwa dakika. Mtoto niliyemtaja anaweza kufika darasa la tano hajalifikia hilo, huku hakosei sana. Anafika mwisho wa sentensi mwanzo umekwishamtoka. Na maneno yetu ni marefu: kitenzi kimoja kama “hawakutusubirisha” kimebeba mtenda, kanusho, wakati, mtendwa na kauli, na msomaji wa silabi kwa silabi anatakiwa avishike vyote kichwani mpaka afike kwenye “sha”. Ongeza mb, nd, nj, ng', mw, na ile m inayosimama peke yake kama silabi mwanzoni mwa “mtu”. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Hoja yao ilikuwa kwamba hata lugha yenye tahajia nyoofu si kazi nyepesi kwa mtoto kujifunza kuiandika. Nakubaliana nao kabisa, na nimechoka kusikia kwamba Kiswahili ni rahisi kwa hiyo asiyekisoma ni mjinga.

Kwa hiyo mwalimu wa Kibiti akitaka kumtafuta mtoto huyu, kuhesabu makosa peke yake hakutoshi. Ashike saa.

Zaidi ya saa kuna mchezo. Waliokulia pwani wanaujua mchezo wa kinyume, wa kuirusha silabi ya mwisho mbele: kitabu kinakuwa bukita, chakula kinakuwa lachaku, Rufiji inakuwa jirufi. Watoto wakiuzoea huzungumza hivyo mbele ya wakubwa na kusengenya wapendavyo. Watafiti wa kusoma, huko Ulaya na Marekani, hupima watoto kwa kazi za jamii hiyohiyo: ondoa sauti hii, hamisha ile, sema kilichobaki. Sisi tunao mchezo huo bure, na hauhitaji karatasi. Mtoto anayezungumza kama chiriku lakini kinyume kinamshinda siku zote, wenzake wakicheka yeye bado anatafuta silabi, mwalimu amwandike pembeni. Sisemi amhukumu kwa mchezo mmoja. Amwandike tu. Halafu amwangalie katika vina: mtoto wa miaka sita au saba ambaye hawezi kukupa neno linaloishia kama “kamba” na “jamba” (watoto watalichagua hilohilo, msiwakemee) anakupa habari muhimu.

Watoto wengi wa hapa hukutana na herufi mara mbili, chuoni kwa maalim na shuleni kwa mwalimu. Hiyo ni nafasi ambayo watoto wa Seaford hawakuwa nayo. Herufi za Kiarabu zina mitego yake: be, te na the ni umbo moja, nukta ndizo zinazotofautisha. Mwenye disleksia mara nyingi hukwama kotekote, kwa sababu tatizo lake haliko katika herufi za Kilatini wala za Kiarabu. Lakini chuoni anaweza kujificha vizuri zaidi. Sura akishaisikia mara kadhaa anaishika kwa ghibu, kidole kinatembea juu ya msahafu, na maalim anaridhika. Mfungulie ukurasa ambao hajapata kuusikia ukisomwa, ndipo utajua. Shuleni hali ni hiyo: kitabu cha kiada kimekaririwa na darasa zima, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anakisoma hata ukikigeuza juu chini. Maalim na mwalimu wa darasa la pili wanamfundisha mtoto mmoja, kijiji kimoja, na mara nyingi hawajapata kukaa wakaulizana habari zake. Wakikaa, kila mmoja ana nusu ya ushahidi.

Hapa lazima niweke tahadhari kubwa, maana nikiondoka bila kuisema mtarudi makwenu na kumwona mwenye disleksia kila nyumba. Mtoto asiyejua kusoma kwa sababu hakufundishwa hana disleksia. Amenyimwa shule. Na Delta hii ya Rufiji ina njia nyingi za kumnyima mtoto shule bila mtu kukusudia. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Msimu wa mpunga familia huhamia dunguni, na watoto ndio wa kuamia ndege. Shule iko ng'ambo ya mkondo, na bahari ikichafuka mtumbwi hauondoki. Walimu wenyewe, nani asiyejua ni wangapi huomba uhamisho kwenda barabarani. Katika hali kama hiyo walio nyuma ni wengi, na wachache wenye disleksia wanazama katikati yao.

Historia inatufundisha kutoharakisha. Mwaka 1967 takriban watu wazima wawili kati ya watatu katika nchi hii walikuwa hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mafia, hapo mbele yetu ukitoka Nyamisati, ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuwekewa lengo la kuufuta ujinga wa kusoma. Kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kuwa chini ya mmoja katika kumi. Huenda takwimu zilipambwa kidogo, kama takwimu za kampeni zinavyopambwa, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: walio wengi kati ya wasiosoma walichokosa ni mwalimu na ubao.

Namna ya kuwatofautisha si ya kimiujiza. Wakusanye wote walio nyuma katika darasa la pili au la tatu. Wafundishe sauti na silabi kwa mpangilio, nusu saa kila siku, kwa muhula mmoja, bila kuruka. Waliokosa shule watapanda haraka, wengine kwa kasi ya kushangaza. Atakayebaki chini akijitahidi, huku mazungumzo na hesabu za kichwani zikimkubali, ndiye. Huna haja ya kungoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam ndipo uanze, kwa sababu mafunzo hayohayo ndiyo anayoyahitaji kila mmoja wao.

Na angalieni wasichana. Kotekote duniani wavulana hupelekwa kupimwa zaidi, kwa kuwa mvulana asiyejua kusoma huvuruga darasa. Msichana hukaa kimya nyuma, ananakili kwa jirani kwa mwandiko mzuri, na hakuna anayemuuliza mpaka amemaliza darasa la saba.

Sasa vipawa.

Mmeziona orodha zinazozunguka kwenye simu: Einstein alikuwa na disleksia, Leonardo da Vinci alikuwa na disleksia. Watu hao walikufa bila kupimwa, na ushahidi juu yao ni mwembamba. Nawaachia wanaozipenda orodha hizo. Ninaowaamini ni wale walioeleza wenyewe. Jacques Dubochet wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017, ameandika katika wasifu wake kwamba mwaka 1955 alikuwa mwenye disleksia wa kwanza kutambuliwa rasmi katika jimbo lake la Vaud. Carol Greider wa Marekani, Nobel ya Tiba 2009, alidhani utotoni kwamba ni mjinga kwa kuwa tahajia ilimshinda. Akajizoeza kuyakariri maneno mazima. Benjamin Zephaniah, mshairi wa Birmingham aliyefariki Desemba 2023, alitoka shule akiwa na miaka 13 hajui kusoma vizuri, na alitambuliwa kuwa na disleksia akiwa mtu mzima katika darasa la kisomo. Mashairi yake yalikuwa ya kusikika kabla ya kuwa ya kusomwa. Sisi tuliokulia kwenye ngonjera na magungu hatuhitaji kuelezwa jambo hilo linawezekanaje.

Na utafiti unasemaje? Unasema kwa sauti mbili. Mwaka 2003 Catya von Károlyi na wenzake waliwaonyesha watu michoro ya maumbo yasiyowezekana, ngazi isiyo na mwisho na mfano wake, na wenye disleksia walitambua haraka zaidi kwamba umbo haliwezekani, bila kupoteza usahihi. Tafiti nyingine zilizotafuta ubora wa jumla katika kufikiri kwa maumbo na nafasi hazikuuona. Mwaka 2022 Helen Taylor na Martin Vestergaard wa Cambridge walitoa nadharia kwamba ubongo wenye disleksia umeelemea kwenye kutafuta njia mpya kuliko kutumia zilizokwishajulikana, na kwamba jamii za kale zilihitaji watu wa aina zote mbili. Ni nadharia nzuri, naipenda, na bado ni nadharia. Julie Logan, mwaka 2009, aliripoti kwamba asilimia 35 ya wafanyabiashara wa Marekani waliomjibu walikuwa na dalili za disleksia. Lakini tafiti za magerezani nazo zimekuta wenye matatizo makubwa ya kusoma wengi kuliko ilivyo katika jamii. Mkitaja wafanyabiashara mtaje na wafungwa. Kilichowatenganisha hawa na wale kwa sehemu kubwa ni nani alimshika mkono mtoto akiwa na miaka minane.

Ninalosema mimi ni dogo kuliko orodha za kwenye simu. Disleksia haimpi mtu kipawa kwa lazima, kama isivyomnyang'anya. Watoto wenye disleksia wana vipawa kwa kadiri ileile ya watoto wengine, na mara nyingi huvinoa zaidi kwa sababu njia ya maandishi imefungwa: wanasikiliza sana, wanakumbuka sura na njia, wanauliza watu badala ya karatasi, wanatengeneza kwa mikono, wanazoea kushindwa na kurudia. Mtu aliyezoea kushindwa saa nne asubuhi na kurudi tena saa tano ana ujasiri ambao wengi wetu hatukuupata shuleni.

Delta inajua kutumia vipawa hivyo, na ndipo hofu yangu inapoanzia. Huu ni msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa kukaa pamoja katika Afrika Mashariki. Mtoto wa miaka kumi hapa anautofautisha mkandaa na mchu, msinzi na mkomafi, anajua ni upi wa boriti na ni upi wa kuni tu. Anajua maji ya bamvua yataingia mpaka wapi na maji mafu yatamwacha wapi. Mikondo inahama, fungu la mchanga la mwaka jana halipo mwaka huu, na hakuna kibao cha kuelekeza. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilijificha humu, na manowari za Waingereza zilihangaika miezi kadhaa, kwa kuwa ramani zao hazikuonyesha kwamba meli kubwa vile ingeweza kuingia. Ilibidi watafutwe watu wa kupeleleza mikondo kwa miguu na mitumbwi kabla haijapigwa karibu na Salale Julai 1915. Elimu ya maji haya ilikuwa vichwani mwa watu. Sidai kwamba watu hao walikuwa na disleksia. Wengi hawakupelekwa shule, na tumekwishakubaliana kwamba hayo ni mambo mawili. Nasema tu kwamba mahali hapa mtoto asiyesoma anaweza kuonekana hodari kila siku ya Mungu, nje ya darasa.

Basi mwalimu mwenye huruma anasema: huyu wa maji, mwacheni aende. Baba anakubali upesi, maana mikono inahitajika kwenye kamba na kaa. Msichana anaambiwa ana mikono ya kusuka na ya kupika, atafutiwe mtu, au apelekwe Dar es Salaam kwa watu kufanya kazi za ndani. Wote wanasema wanathamini kipawa chake. Hii ndiyo sababu nilisema sehemu ya pili ya ombi inanisumbua. Katika nchi ambazo mwenye disleksia anapata mwalimu maalumu, kusifia vipawa vyake kunamwongezea moyo. Kwetu, sifa hizohizo zinaweza kuwa ruhusa ya kumtoa shule kwa tabasamu.

Na maji hayamfichi na karatasi milele. Kamba wakipimwa, uzito unaandikwa katika daftari la tajiri, na deni la nyavu na mafuta liko ukurasa wa pili. Mvuvi asiyesoma anaambiwa anachodaiwa. Leseni ya uvuvi ni karatasi. Fomu ya mkopo wa halmashauri ni karatasi, na kurasa zake za nyuma ndizo zenye masharti. Maelekezo ya dawa ya mtoto ni karatasi. Simu nayo, ukiniambia siku hizi ni sauti tu, ukituma pesa kwa namba iliyogeuzwa tarakimu mbili, hiyo pesa utaitafuta. Hodari wa mikondo anahitaji kusoma kama mtu mwingine, na kwa haki anahitaji kufundishwa zaidi kuliko mtu mwingine.

Afundishweje? Kwa sauti kwanza, tena wazi, hatua kwa hatua, bila kudhani ataokota mwenyewe. Samuel Orton na Anna Gillingham walijenga njia hiyo Marekani tangu miaka ya 1920 na 1930: mtoto anaona herufi, anaitamka, anaifuatisha kwa mkono, vyote kwa wakati mmoja. Mchanga tunao. Udongo wa mfinyanzi tunao. Achore m mchangani akitoa sauti yake, kisha ma, kisha mama, kisha mba, na asisogezwe mpaka ya nyuma imekaa. Neno refu livunjwe: hawa-ku-tu-subirisha. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu Jumamosi. Wafini wana mchezo wa kompyuta wa kufunga sauti na herufi, GraphoGame, ambao umejaribiwa katika lugha za Kiafrika huko Zambia na Kenya pia. Penye simu na umeme ni msaada, lakini vijiti na mchanga havisubiri chaji.

Na kipawa kiingie hapa, ndani ya darasa. Anayejua mikondo achore ramani ya njia ya kutoka kijijini mpaka mlango wa Simba Uranga, kisha aandike majina juu yake. Hayo ndiyo maneno atakayoyasoma wiki hii. Anayejua hadithi aisimulie, mwalimu aiandike ubaoni kama ilivyotoka mdomoni mwake, darasa limsomee, halafu na yeye aisome. Neno ulilolisema mwenyewe ni jepesi kulitambua kuliko neno la mtunga kitabu ambaye hajapata kuona dungu. Msimsimamishe kusoma kwa sauti mbele ya wote bila kumtayarisha. Jioni ile atamwambia mama yake tumbo linamuuma, na kesho tumbo litaendelea kumuuma.

Kenya, huko Kitengela, kuna shule inayoitwa Rare Gem Talent School iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wenye disleksia. Sitazamii shule kama hiyo Kibiti kesho, wala sidhani tunahitaji kuwatenga. Tunacho Chuo cha Ualimu cha Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na tuna sera ya elimu jumuishi. Mwalimu mmoja kwa kila kata aliyeandaliwa kuitambua disleksia angebadilisha mengi kuliko jengo.

Jambo la mwisho ni kidato cha kwanza. Mtoto mwenye disleksia aliyejikokota kwa Kiswahili mpaka akafaulu darasa la saba anakutana Januari na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, lugha yenye tahajia inayowaangusha hata wazaliwa wake. Vile vijia vyote alivyojitengenezea vinafungwa kwa siku moja. Walimu wa sekondari huona mtoto aliyefaulu akianguka ghafla, na kudhani ni mapenzi au bangi. Nawaomba kabla ya kufika huko mumpe namna ya kujifunza kwa kusikiliza, aulizwe majibu kwa mdomo panapowezekana, na zaidi ya yote apewe muda. Baraza la Mitihani tayari huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kila Septemba, wakati wa mtihani wa darasa la saba, tunatangaziwa makundi yao: wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye ulemavu wa viungo. Mwenye disleksia simsikii akitajwa, na hawezi kutajwa kama hakuna aliyemwandika tangu darasa la pili. Hilo la kitaifa tulidai kwa njia zake. Lakini mitihani ya muhula ni ya shule, na dakika 10 kwa saa hazihitaji mfadhili wala waraka. Mwalimu mkuu aliye hapa anaweza kuzitoa Novemba hii, akaandika daftarini alimpa nani na alama zake zilibadilikaje, na mwakani tukakutana na madaftari hayo mkononi.

Nimemaliza. Mwenyekiti, naomba maswali yaanze na wazazi waliotoka ng'ambo, maana maji yanapwa na mashua haitawangoja.